Fundi, maji na daftari: tulivyofufua bwawa la kuogelea Njiro

Nyumba tuliyonunua Njiro, upande wa kushukia bonde la mto Themi, ilikuja na bwawa la kuogelea lililokufa. Maji yalisimama humo tangu mwenye nyumba wa kwanza alipohama. Yalikuwa ya kijani kizito, vyura wamejizalia, na ikifika magharibi mbu wanatoka hapo kwenda kwa majirani. Mama wa nyumba ya nyuma alikuja kutukaribisha, na salamu zilipokwisha akasema: "Wanangu, karibuni sana. Lakini hilo shimo mlifanyie kitu, wajukuu zangu hawalali."

Mume wangu alitaka lifukiwe. Mimi nilitaka lifufuliwe kwa ajili ya mama yangu mzazi, ambaye anaishi nasi na magoti yake yamechoka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alitueleza kwamba mtu akitembea ndani ya maji yanayomfika kifuani, magoti yanabeba sehemu ndogo tu ya uzito wake. Hoja hiyo ilimaliza ubishi. Naandika kwa sababu wakati ule tulitafuta mtu wa kutuambia mambo haya yanavyokwenda hapa Arusha, kwa maji ya hapa na mafundi wa hapa, tukaambulia ushauri wa watu wa Dar na maelezo ya kwenye ndoo za dawa.

Fundi wa kwanza aliletwa na dalali. Alizunguka bwawa, hakutoa hata futi kupima, akasema, "Mama, ondoa wasiwasi, kazi ndogo hii." Akataja bei ya jumla, milioni 4.8, ufundi na vifaa ndani yake, na akaomba sehemu kubwa itangulie ili anunue vifaa. Tulimpa nusu. Ilikuwa Aprili, masika imekolea.

Alianza kwa kutoa maji yote kwa pampu ya kukodi, na madhara yalianzia hapo. Bwawa lililojaa limetulia kwa sababu maji ya ndani yanalikandamiza. Wakati wa masika udongo unalowa, maji ya ardhini yanapanda, na bwawa tupu linasukumwa kutoka chini kama sufuria tupu iliyowekwa juu ya karai la maji. Mvua ilinyesha usiku, na asubuhi tulikuta sakafu ya upande wa kina imepasuka, marumaru zimenyanyuka, na maji ya matope yanabubujika kwenye ufa. Kazi iliyokuwa ya kuziba na kusafisha ikageuka kuwa ya kuvunja na kumwaga zege upya. Kama bwawa lako lipo mahali penye maji ya karibu, usimruhusu mtu alikaushe kati ya Machi na Mei. Subiri Agosti au Septemba, na kabla ya hapo chimba shimo dogo pembeni uone maji ya ardhini yako umbali gani.

Baada ya ufa fundi alianza kupotea. Mara yuko njiani, mara amefiwa, mara tumtumie ya nauli na ya kutolea. Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, na mtendaji akauliza swali moja tu: mkataba uko wapi? Tulikuwa na meseji za kutuma pesa, hazisemi pesa ni ya nini. Tulirudishiwa laki sita kwa vipande, iliyobaki ikaenda. Ndani ya nyumba tulikuwa hatusemezani vizuri, na kilichoniuma kuliko pesa ni siku mama aliposema kutoka kwenye kiti chake, "Fukieni tu, mimi nitatembea uani." Alikuwa amesikia kila kitu.

Tuliliacha mpaka kiangazi. Muda huo tuliutumia kuuliza, na sasa naona ilikuwa sehemu yenye faida kuliko zote. Tulikwenda kwenye nyumba za wageni zenye mabwawa, Njiro kwenyewe, Sekei na kule Usa River, tukaomba kuonana na mtunza bwawa badala ya meneja. Mtunza bwawa ndiye anayejua fundi gani alijenga kitu ambacho hakimsumbui. Na tulitaka kuona kazi ambayo imeshapitiwa na masika kadhaa, kwa sababu kila bwawa linapendeza siku ya kukabidhiwa. Kwenye kazi ya zamani angalia mstari wa maji: kama marumaru za hapo zimeanza kuachia au kuna chumvi nyeupe inatoka kwenye viungo, maji yanapita nyuma yake.

Kwa anayejenga bwawa jipya, njia ni nyingine. Anahitaji kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na ni vizuri atafute mkandarasi aliyesajiliwa. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, inawapanga makandarasi wa majengo kwa madaraja, la kwanza hadi la saba, na unaweza kuthibitisha kama jina unalopewa limo. Sisi tulikuwa na ukarabati, kwa hiyo tulikusanya mafundi mmoja mmoja: wa zege na plasta, wa bomba, wa marumaru, wa umeme. Mume wangu alisimamia. Kabla ya yote tulimlipa mtu mwenye taaluma atuandikie mchanganuo wa kazi na vifaa, kisha tukawapa mafundi watatu mchanganuo huohuo wataje bei. Ukimwacha kila fundi akupe bei ya kazi iliyo kichwani mwake, hutakuwa na kitu cha kulinganisha.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili za Kiswahili cha kawaida, ukasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Vifaa tulinunua wenyewe na kudai risiti ya EFD kila mahali. Ufundi tulilipa kwa hatua, na kila hatua ilimalizika kwa kipimo ambacho fundi na sisi tulikiangalia pamoja: pesa inatoka kipimo kikishapita. Asilimia 10 ya ufundi wa zege na bomba ilibaki mikononi mwetu mpaka masika ya kwanza ipite. Wawili walikataa sharti hilo wakaondoka. Aliyekubali, mzee mmoja wa Kimeru mwenye maneno machache, alisema tu, "Sawa mama. Masika ikija na mimi nitakuja kuangalia." Na alikuja.

Kuna ubishi wa siku zote kama fundi alipwe kwa siku au kwa kazi. Maoni yangu: kuvunja, kuchimba na kusomba kifusi lipa kwa kazi, kwa sababu haraka haidhuru kitu. Plasta ya kuzuia maji na marumaru lipa kwa siku. Sisi tulilipa fundi 35,000 na kibarua 15,000, na jumla ilizidi bei ya kazi tuliyotajiwa. Lakini hakuna aliyepaka tabaka la pili kabla la kwanza halijashika, na zege jipya la sakafu lilimwagiliwa maji asubuhi na jioni bila kuruka, jambo ambalo fundi wa bei ya jumla hana muda nalo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mchanga. Mchanga mweusi wa huku, unaotokana na mlima Meru, una mzuri na una wenye vumbi jingi. Tia mchanga nusu ya chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, jaza maji, tikisa, uiache itulie. Tabaka la tope likikaa juu ya mchanga na ni nene, rudisha lori. Fundi wetu alirudisha moja na mwenye lori alikasirika sana.

Cha pili, mabomba. Kabla hayajafukiwa, fundi bomba alifunga ncha zote, akasukuma maji kwa pampu ya mkono hadi geji ya presha ikasoma bar 2, tukaiacha ilale. Asubuhi ilikuwa imeshuka. Kiungo kimoja chini ya ngazi kilikuwa hakikushika gundi. Alikitengeneza kabla ya kifusi kurudi, kwa kazi ya saa moja. Kingefukiwa, tungekigundua baada ya marumaru.

Cha tatu ndicho nisichotaka mtu akiruke: jaza bwawa likiwa na plasta tu, kabla ya marumaru, uone kama linashika maji. Kila bwawa linapoteza maji kwa jua na upepo, kwa hiyo kushuka peke yake hakusemi kitu. Weka ndoo kwenye ngazi ya bwawa, ijaze maji hadi yalingane na ya nje, weka alama ndani ya ndoo na ukutani, zima pampu, ngoja saa 24. Vikishuka sawa, ni jua. Bwawa likishuka zaidi ya ndoo, linavuja. Letu lina mita 8 kwa 4, na kina kutoka mita 1 hadi 1.8, hivyo linabeba lita kama 45,000. Sentimita moja tu inayovuja kwa siku ni lita 320, na hapa kwetu boza la lita 10,000 tulilinunua kwa 90,000.

Umeme sikutaka kuufanyia majaribio. Tulimchukua fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, akaweka waya wa ethi unaofika ardhini kweli, na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio, kibonyeze kila mwezi. Maji na umeme vikikutana kwenye bwawa, mtu anaweza kufa.

Kosa moja lilipenya hata hivyo. Kijana aliyefunga chujio alilijaza mchanga wa ujenzi uliochekechwa, akidhani mchanga ni mchanga. Chujio linataka mchanga wa silika wenye punje za saizi moja, nusu milimita hadi milimita moja. Kila pampu ilipowashwa, vumbi jeusi lilitoka kwenye matundu ya kurudishia maji. Tulilifungua, tukalikomba lote, tukaagiza wenyewe. Kama unaajiri, omba uone mfuko wa mchanga wa chujio kabla haujafunguliwa.

Basi bwawa likajaa maji, mama akaingia, na baada ya siku chache macho yakaanza kumwasha.

Tulikuwa na kijana wa kutunza bwawa aliyekuja kila wiki. Kila tukilalamika aliongeza klorini. Maji yalikuwa na ukungu, harufu kali, na bado kuta zilianza kuteleza. Akashauri mrututu. Watu wa huku tunaujua mrututu tangu kwenye mashamba ya kahawa, na ni kweli unaua mwani, lakini ni shaba: ukizidi unaacha madoa kwenye marumaru na kugeuza nywele nyeupe kuwa za kijani. Mama ana nywele nyeupe. Nilikataa, nikanunua kipimo cha matone nikapima mwenyewe. pH, namba inayoonyesha maji yana asidi au magadi kiasi gani, ilikuwa juu ya 8.

Maelezo yake ni haya. Maji ya visima kuzunguka mlima Meru yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba magadi. Ndiyo miamba hiyohiyo inayotupa floridi inayotia meno yetu rangi ya kahawia. Maji ya magadi yana ualkali mkubwa, yaani uwezo wa kuzuia pH isishuke, na pH yake inapanda yenyewe hata ukiishusha leo. Klorini nayo inategemea pH. Kwenye 7.5 karibu nusu yake iko katika hali ya kuua vijidudu, kwenye 8 inabaki kama robo. Kwa hiyo tulikuwa tunamwaga pesa majini na robo tatu haifanyi kazi. Na ile harufu kali inayodhaniwa ni klorini nyingi ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo, haina nguvu tena, na ndiyo inayowasha macho. Maelezo ya kwenye ndoo yanakwambia ongeza soda kupandisha pH. Kwa maji ya kisima cha Arusha kwa kawaida unachohitaji ni asidi.

Tunalenga pH kati ya 7.2 na 7.6, ualkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita, na klorini huru, ile ambayo bado haijashikana na uchafu, miligramu 1 hadi 3. Kisima chetu kilitupa ualkali zaidi ya mara mbili ya huo. Kuushusha kwa miligramu 10 kwenye lita 45,000 kunakula karibu lita moja ya asidi haidrokloriki ya asilimia 33, kwa hiyo tulishuka taratibu kwa wiki kadhaa, dozi ndogo jioni, pampu ikizunguka, kipimo asubuhi. Usiimalize kazi hiyo kwa siku moja. Asidi ikizidi inakula viungo vya marumaru na chuma cha pampu. Baadaye tuliweka mifereji kwenye paa na sasa tunaongezea maji ya mvua, ambayo hayana magadi. Hilo limepunguza asidi kuliko kitu kingine chochote.

Klorini tunatumia ya unga, ya asilimia 65. Kwa ujazo wetu gramu 70 zinapandisha miligramu moja kwa lita. Tunaiweka jua likishazama, kwa sababu jua la saa sita linaimaliza nusu ndani ya muda usiofika saa moja kama maji hayana kinga ya asidi ya sianuriki. Vidonge vya klorini vinakuja na kinga hiyo ndani yake, ndiyo maana watu wanavipenda, ila kinga haipungui, inajilimbikiza mpaka klorini inakuwa nzito kufanya kazi. Kinga ya miligramu 30 hadi 50 inatosha.

Hapa naomba usome polepole. Unga wa klorini na vidonge visikutane hata kwenye kijiko kimoja, vinaweza kuwaka moto. Unga na asidi vikigusana vinatoa gesi inayoua. Mimina dawa kwenye ndoo ya maji, usimimine maji juu ya dawa. Sisi tunaweka asidi upande mmoja wa nyumba na klorini upande wa pili, kila kimoja na ufunguo wake, na msichana wa kazi anajua havigusi.

Ukungu ule wa mwanzo tuliuondoa kwa shabu, ileile ya dukani. Ikishachanganyika na maji, zima pampu usiku kucha uchafu ukae chini, kisha uvute kwa bomba na kuumwaga nje moja kwa moja. Ukiupitisha kwenye chujio unaliziba.

Kazi za kawaida si nyingi ukizizoea. Nyavu kila asubuhi, hasa Oktoba na Novemba mijakaranda inapomwaga maua, na muda wote kama una mgrivea karibu. Piga brashi kuta kila wiki, kwenye kona ambako maji hayazunguki. Angalia geji ya chujio: jua inasoma ngapi likiwa safi, na ikipanda zaidi ya nusu bar juu ya hapo, geuza maji yalioshe chujio kinyume mpaka maji kwenye kioo cha kuangalilia yawe safi. Kabla ya masika safisha mitaro ili tope la uani lisiingie. Juni na Julai baridi haimruhusu mama kuingia, mwani nao unapunguza kasi, kwa hiyo pampu tunaipunguzia saa, lakini hatuizimi. Yote yanaandikwa kwenye daftari lililofungwa kwa kamba kwenye kibanda cha pampu: tarehe, pH, klorini, geji, dawa iliyowekwa, na nani aliweka. Kijana wetu alipoona tunalisoma, akawa makini. Leo ananipigia yeye: "Mama, pH imefika 7.8, niweke ngapi?"

Uzio tuliujenga kabla ya maji kuingia, mita 1.2, na lango linalojifunga lenyewe. Wajukuu wa jirani wanakuja, na hawaingii mpaka mtu mzima akae pale, bila simu mkononi.

Gharama za kila mwezi ziko hivi. Pampu ya nguvu ya farasi mmoja ikifanya kazi saa sita kwa siku inakula yuniti kama 180, ambazo kwenye LUKU yetu ni zaidi ya 60,000. Klorini kilo nne hivi. Asidi lita mbili au tatu sasa. Kijana tunamlipa 100,000. Kiangazi kinaongeza boza moja, wakati mwingine mawili. Ukarabati wenyewe, pamoja na pesa iliyopotea kwa fundi wa kwanza, ulikula zaidi ya milioni 14, na mpango wetu ulikuwa 5.

Kama hesabu hiyo haibebeki kwenu, na nyumba mnayonunua ina shimo la kijani kama letu, fukieni bila kuona aibu, ila mfukie vizuri. Ngojeni kiangazi, toeni maji, kisha toboeni sakafu mahali kadhaa hadi udongo wa chini uonekane ili maji ya mvua yapate pa kwenda. Vunjeni ukuta wa juu kiasi cha nusu mita, jazeni kifusi na mawe chini, mchanga juu yake, mkishindilia kwa tabaka, na mwisho udongo wa kupanda. Pasipotobolewa sakafu, masika ya kwanza bustani itageuka kinamasi, na mbu watarudi kwa jirani.